Jukwaa likifungwa, nani anamlipa msanii wa ngoma Mbeya na Iringa?

• Serikali imezoea kulipia onyesho, siyo kumlinda anayeonyesha. Corona iliiweka wazi tofauti hiyo.
• Fedha za Mwenge na sherehe za Muungano mwaka 2020 zilihamishiwa kwenye afya, na jukwaa likaondoka nazo.
• Mfuko wa Utamaduni na Sanaa sasa upo, lakini unakopesha. Kwa kikundi cha kijijini, mkopo si msaada wa dharura.

Mbeya/Iringa. Machi 17, 2020, siku moja tu baada ya mgonjwa wa kwanza wa corona kutangazwa nchini, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza kufungwa kwa shule na kuzuiwa kwa mikusanyiko ya watu wengi. Ndani ya orodha ya vilivyozuiwa yalikuwemo matamasha ya muziki, michezo, semina na warsha.

Kwa watu wengi hiyo ilikuwa habari ya kunawa mikono na kuacha kusalimiana kwa mkono. Kwa kikundi cha ngoma cha Rungwe au Kilolo, ilikuwa ni kusimamishwa kazi bila kuambiwa tarehe ya kurudi.

Sababu ni rahisi. Ngoma ni kazi ya mkusanyiko. Bila watu waliozunguka duara hakuna anayetunza, hakuna anayekodi, hakuna posho. Mwalimu anaweza kusubiri shule ifunguliwe huku mshahara unaingia. Mpiga ngoma hana mshahara wa kusubiria.

Zuio lilidumu zaidi ya miezi mitatu. Michezo iliruhusiwa kurudi Juni 1, 2020, na shule za msingi na sekondari zikafunguliwa Juni 29, huku shughuli nyingine za kijamii zikirejea. Ibada hazikuzuiwa, kwa hiyo kwaya za makanisani ziliendelea kuimba Jumapili. Ila kuimba ibadani ni huduma, si ajira.

Sasa swali ni hili: katika kipindi kile, pesa ya Serikali kwa ajili ya sanaa za jukwaani ilikuwa wapi? Na ugonjwa mwingine ukija kesho, itakuwa wapi?

Kwani Serikali huwa inalipia ngoma?

Ndiyo, ila siyo kwa njia ambayo wengi wanaifikiria.

Tanzania ina Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA), lililoundwa kwa Sheria Namba 23 ya mwaka 1984. Kazi yake kubwa ni kusimamia na kuendeleza sanaa: kusajili wasanii, kutoa vibali, kufundisha. Ina pia Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo (TaSUBa), iliyoanza mwaka 1981 kama Chuo cha Sanaa. Huko pesa ya Serikali inaingia kwenye mafunzo.

Kundi la taifa la ngoma, ambalo wasanii wake walikuwa wakilipwa na Serikali, lilishavunjwa zamani, kabla hata chuo hicho hakijaanza. Kwa hiyo leo msanii wa ngoma Mbeya au Iringa anakutana na pesa ya Serikali hasa mahali pamoja: kwenye shughuli. Mwenge ukipita, ngoma inaitwa. Kiongozi akija kuzindua mradi, ngoma inaitwa. Nanenane ikifika pale viwanja vya John Mwakangale jijini Mbeya, ambako maonyesho ya kitaifa yalifanyika mwaka 2022 na 2023, ngoma inaitwa. Mara nyingi malipo ni posho, nauli na chakula.

Kwa lugha nyepesi, Serikali inanunua onyesho. Haimwajiri wala haimkatii bima mwonyeshaji. Mambo yakiwa mazuri tofauti hiyo haionekani. Onyesho likifutwa, ndipo inauma.

Pesa ilienda wapi mwaka 2020?

Ilienda hospitali. Na hii si siri, ilitangazwa hadharani.

Machi 2020 Rais John Magufuli alisitisha Mbio za Mwenge na kuelekeza zaidi ya Sh1 bilioni iliyokuwa itumike ipelekwe Wizara ya Afya. Mwezi uliofuata alifuta sherehe za Muungano za Aprili 26 na kuagiza Sh500 milioni za sherehe hizo ziingie kwenye mapambano dhidi ya corona.

Ni vigumu kubishana na uamuzi huo. Ukipewa kuchagua kati ya barakoa za wauguzi na halaiki uwanjani, unachagua barakoa. Tena mkusanyiko wenyewe ulikuwa ndiyo hatari.

Shida iko kwingine. Pesa hizo hazikuwa za jenereta, mabango na mafuta ya magari peke yake. Sehemu yake ndiyo iliyokuwa inawafikia watu wa ngoma katika kila halmashauri ambayo Mwenge ungepita. Zilipohamishwa zote, hakuna kilichobaki nyuma kwa ajili ya watu waliokuwa wamejiandaa kutumbuiza. Hapakuwa na kipengele cha fidia ya onyesho lililofutwa, kwa sababu wengi wao hawakuwa hata na mkataba.

Waziri aliyekuwa na dhamana ya sanaa wakati huo, Dk Harrison Mwakyembe, alikuwa mbunge wa Kyela, Mbeya. Kwa hiyo haikuwa suala la Nyanda za Juu Kusini kukosa mtu mezani. Mfumo wenyewe haukuwa na dirisha la kutolea pesa ya namna hiyo.

Wakati wa Ukimwi, mambo yalikuwa kinyume

Watu wa Mbeya na Iringa wanalijua janga lingine la afya kwa karibu zaidi kuliko corona. Utafiti wa viashiria vya VVU wa mwaka 2016/17 ulionyesha kiwango cha maambukizi kwa watu wazima kuwa asilimia 11.4 Njombe, 11.3 Iringa na 9.3 Mbeya. Hiyo ndiyo mikoa mitatu iliyoongoza nchini. Utafiti wa mwaka 2022/23 ulitoa picha inayofanana.

Katika miaka ya vita ile, sanaa ilitafutwa. Programu ya Ukimwi ya Mkoa wa Mbeya ilianza kupata msaada wa Ujerumani tangu mwaka 1988, na Tume ya Kudhibiti Ukimwi (TACAIDS) ikaundwa mwaka 2001. Kote nchini vikundi vya ngoma, maigizo na kwaya vilikuwa chombo cha kufikisha ujumbe. Igizo la dakika 20 sokoni lilikusanya watu ambao wasingekwenda kusikiliza hotuba ya daktari. Pesa za wafadhili na za Serikali zilipita huko.

Angalia tofauti. Ukimwi hauenezwi kwa kukaa karibu kwenye onyesho, kwa hiyo msanii alikuwa sehemu ya dawa. Corona inaenezwa kwa pumzi, kwa hiyo msanii akageuka sehemu ya hatari.

Lakini kuna kitu hakikubadilika. Katika majanga yote mawili, sanaa ilihesabiwa kama kipaza sauti. Kikihitajika kinawashwa, kisipohitajika kinazimwa. Swali la yule aliyekishika anaishi vipi kikiwa kimezimwa halikuulizwa.

Wenzetu walifanyaje?

Nchi nyingine zilijaribu njia tofauti, na kila moja ina funzo lake.

Kenya: Aprili 2020 Rais Uhuru Kenyatta aliagiza Ksh100 milioni kutoka Mfuko wa Michezo zitumike kwa ajili ya wasanii, waigizaji na wanamuziki. Mfuko ulikuwa tayari upo. Kilichobaki kilikuwa ni agizo.

Afrika Kusini: Machi 2020 Serikali ilitenga Randi milioni 150 kwa wasanii na wanamichezo. Baadaye Baraza la Sanaa la Taifa likapewa Randi milioni 300 za kuwapa wasanii ajira, likaahidi zaidi ya ilichokuwa nacho. Machi 2021 wasanii waligoma kutoka ndani ya ofisi za baraza hilo Johannesburg, wakakaa humo wiki kadhaa. Funzo: pesa bila hesabu nzuri inazaa ugomvi.

Uingereza: Julai 2020 ilitangaza Pauni bilioni 1.57 kuokoa kumbi, makumbusho na taasisi za sanaa. Majengo mengi yalipona. Wasanii wasio na mwajiri ndio waliolalamika kuwa pesa iliishia kwenye kuta.

Marekani: Machi 2020 Bunge lilitoa Dola milioni 75 kupitia mfuko wa taifa wa sanaa. Asilimia 40 ilikwenda kwa majimbo, iliyobaki ikaenda moja kwa moja kwa taasisi. Ila taasisi iliyoweza kuomba sehemu hiyo ni ile tu iliyokuwa imewahi kupata fedha za mfuko huo ndani ya miaka minne iliyopita.

Hilo la mwisho lizingatie. Nchi tajiri kuliko zote, siku ya dharura, ililipa wale ambao majina yao yalikuwa tayari kwenye daftari. Dharura haina muda wa kukutafuta. Inalipa anayejulikana.

Tanzania ikafufua mfuko

Baada ya corona, Tanzania nayo ilisogea. Katika bajeti ya mwaka 2021/22 Serikali ilitenga Sh1.5 bilioni kwa ajili ya Mfuko wa Utamaduni na Sanaa. Mfuko huo haukuwa mpya kabisa. Mzizi wake ni Mfuko wa Utamaduni ulioanzishwa mwaka 1998 kwa msaada wa Sweden, ambao ulikuja kulala.

Mfuko ulipoamka ulikuwa na sura nyingine. Badala ya ruzuku, mkazo ukawa kwenye mikopo yenye masharti nafuu inayopitia benki, na wasanii wa kwanza walianza kuipata Desemba 2022.

Wakati huohuo, Oktoba 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mpango wa Sh1.3 trilioni za mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) kwa ajili ya maendeleo na mapambano dhidi ya Uviko-19. Elimu, afya, maji na utalii ndizo sekta zilizosikika zaidi. Utalii peke yake ulitengewa Sh90.2 bilioni. Mtu wa Iringa anaweza kujiuliza: mgeni akija Ruaha na jioni akachezewa ngoma hotelini, yule mchezaji ni utalii au ni sanaa? Kwenye makaratasi ya bajeti, jibu la swali hilo ndilo linaloamua nani anaonekana.

Mkopo unamfaa nani?

Unamfaa msanii mwenye biashara inayozunguka. Anayetaka kununua kamera, kujenga studio au kutengeneza filamu ya kuuza, mkopo wa riba nafuu ni jambo jema. Anajua ataingiza kiasi gani na lini.

Kikundi cha ngoma kipato chake ni cha msimu. Msimu wa Mwenge kipo, harusi za baada ya mavuno zipo, kisha kuna miezi ya ukimya.

Chukua mfano wa hesabu tu. Kikundi cha watu 15 kinakopa Sh3 milioni kununua sare, ngoma na spika, kurejesha kwa miezi 12. Hata ukiacha riba, hiyo ni Sh250,000 kila mwezi. Mwezi wa nne unaisha, kinatangazwa kipindupindu au ugonjwa mwingine, mikusanyiko inazuiwa. Deni lililobaki ni Sh2 milioni. Gawanya kwa watu 15, kila mmoja ana zaidi ya Sh133,000 shingoni na hana onyesho hata moja.

Kwa hiyo mkopo ni mzuri wa kukuzia kazi wakati wa amani. Wakati wa janga, unageuka mzigo kwa yule uliyetaka kumsaidia. Dharura inahitaji pesa ya aina nyingine: ruzuku ndogo, malipo ya onyesho lililofutwa, au angalau kusimamisha marejesho hadi zuio liondoke.

Na mirabaha je?

Hii nayo hutajwa sana kama mkombozi. Mwaka 2020 Serikali iliamua kuihamishia taasisi ya hakimiliki, COSOTA, kwenye wizara ya sanaa kutoka wizara ya viwanda na biashara. Januari 2022 COSOTA ikagawa mirabaha ya takriban Sh312 milioni kwa wasanii 1,123. Kwa wastani ni kama Sh278,000 kila mmoja, ingawa ukweli ni kwamba wanaopigwa sana redioni hupata zaidi.

Mirabaha ina faida moja kubwa wakati wa janga: haihitaji mkusanyiko. Watu wakiwa majumbani redio bado inapiga.

Ila lazima kazi yako iwe imerekodiwa, imesajiliwa na inapigwa. Ngoma inayochezwa uwanjani Tukuyu na kuishia hapo haiingizi hata senti. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inawatambua watumbuizaji na inalinda pia sanaa za jadi. Lakini kulindwa kwenye sheria na kulipwa mkononi ni vitu viwili.

Dirisha lililo karibu: halmashauri

Mkoa wa Mbeya una halmashauri saba: Jiji, Mbeya, Rungwe, Busokelo, Kyela, Chunya na Mbarali. Iringa ina tano: Manispaa, Iringa, Kilolo, Mufindi na Mji wa Mafinga. Kwa msanii wa kijijini, Afisa Utamaduni wa halmashauri ndiye sura ya Serikali anayoweza kuifikia kwa bodaboda. Dar es Salaam iko zaidi ya kilomita 800 kutoka Mbeya na kama 500 kutoka Iringa.

Huko huko halmashauri kuna mikopo isiyo na riba ya asilimia 10 ya mapato ya ndani: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa mwaka 2023 baada ya matatizo ya urejeshaji na usimamizi, ikarudi mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Kikundi cha sanaa cha vijana au kinamama kinaweza kuomba kama kikundi kingine chochote.

Tatizo ni lile lile, kwamba huo nao ni mkopo. Tofauti yake ni kwamba hauna riba na anayeutoa yuko karibu, anakijua kikundi na amewahi kukiona kikicheza.

Kikundi kifanye nini kabla ya janga lijalo?

Mambo manne hayahitaji kusubiri mtu.

1. Jisajili. BASATA kwa kikundi, na Bodi ya Filamu kwa wanaofanya maigizo, kwa sababu sheria ya mwaka 1976 inagusa filamu na michezo ya kuigiza pia. Halafu hakikisha Afisa Utamaduni wa halmashauri ana jina la kikundi, idadi ya wanachama na namba ya simu inayopatikana.

2. Andika kila onyesho. Tarehe, mahali, aliyewaita, mlicholipwa. Daftari la shule linatosha. Siku Serikali au mfadhili akiuliza "mmepoteza kiasi gani?", jibu la mdomo halilipwi.

3. Omba barua ya mwaliko. Hata kama ni ya mistari mitano. Barua ndiyo inayogeuza ahadi ya mdomo kuwa kitu cha kudai shughuli ikifutwa.

4. Rekodi kazi na uifungulie akaunti. Sauti safi ya nyimbo zenu, video nzuri hata ya simu, na akaunti ya benki au ya simu yenye jina la kikundi badala ya la mwenyekiti.

Na Serikali?

Kinachodaiwa hapa hakihitaji mabilioni ya Uingereza. Kuna mambo matatu yanayoweza kufanyika kwa pesa iliyopo.

La kwanza, Mfuko wa Utamaduni na Sanaa uwe na dirisha dogo la dharura, lenye masharti yaliyoandikwa mapema: nani anastahili, kiasi gani, ushahidi gani. Masharti yakiandikwa janga likiwa tayari limeingia, yanaandikwa kwa haraka na kwa upendeleo. Afrika Kusini imeshaonyesha mwisho wake.

La pili, fedha za sherehe zikihamishwa tena, sehemu ya wasanii isihamishwe yote. Kikundi kilichoalikwa kilipwe japo nusu.

La tatu, onyesho lihamie redioni. Hapo ndipo funzo la Ukimwi linapokutana na la corona. Kikundi kinacholipwa kurekodi wimbo au igizo la kinga kwa Kinyakyusa, Kisafwa, Kihehe au Kiswahili kinakuwa kazini, na wizara ya afya inapata ujumbe unaosikilizwa hadi jikoni. Shilingi moja inafanya kazi mbili, bila mkusanyiko.

Matamasha yamerudi kwa nguvu. Tamasha la Utamaduni la Kitaifa lilifanyika Njombe mwaka 2023 na Songea mwaka 2024, na vikundi vya kusini vilionekana. Lakini magonjwa nayo hayajaacha kubisha hodi: Marburg ilitangazwa Kagera Machi 2023, ikarudi Januari 2025. Hakuna ajuaye zuio lijalo litatangazwa lini.

Siku hiyo ikifika, hospitali itapewa kipaumbele, na ndivyo inavyotakiwa. Kitakachoamua kama vikundi vya ngoma vya Mbeya na Iringa vitakuwepo baada ya zuio kuondoka ni mambo mawili: kama majina yao yatakuwa yameshaandikwa mahali, na kama kuna pesa iliyotengwa kwa ajili ya walioandikwa.